Malaria Ambayo Hakuna Aliyeipima

Wafula,

Salamu sitaandika, kwa sababu tumeonana asubuhi na hukuniamkia. Ulinipita na kikombe chako cha chai kama mtu anayempita mbwa wa jirani. Sawa. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako, nami nimebaki hapa na begi lako kitandani, limeshafungwa, na hasira ambayo haitakubali kukaa kifuani mpaka kesho. Nikisema utatia zile waya zako masikioni. Karatasi huwezi kuitilia waya.

Mwandiko wangu unaujua, ni ule ule uliokuwa ukisaini diari yako ya shule. Niliachia darasa la sita. Ukikuta kosa liruke, usije ukashika herufi ukaacha maneno.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia uweke kitambulisho mfuko wa ndani, wala usikopeshe mtu viatu. Wewe ni mtu mzima unayekwenda kujenga barabara Marsabit, na hayo mengine utayajua kwa kuibiwa na kwa kuumwa tumbo, kama tulivyoyajua sisi. Mimi nina neno moja tu, la kile kidole chako kilichodungwa kisha ukakikimbiza.

Ulinieleza mwenyewe Jumapili, tena huku unacheka. Mlikuwa wanne, mmetoka kula, mkaona hema la watu wanaopima virusi vya ukimwi bure pale karibu na barabara ya lami, mkaingia kwa mzaha. Wenzako wakatoka na majibu yao. Wewe ukaambiwa kipimo cha kwanza kimeleta mistari miwili, kwa hiyo ukae upimwe na cha aina nyingine. Ukamwambia yule mshauri kwamba unapokea simu nje mara moja. Mpaka leo unapokea hiyo simu.

Nilikuuliza, nikiwa bado nina subira, "Kwa nini hukukaa?"

"Nikae nifanye nini, mathe? Nilikuwa nimetoka kuugua malaria. Hiyo kitu ilishika malaria."

"Nani alikuambia?"

"Si wewe! Umesema hiyo story miaka yote, hadi kanisani. Ulipimwa ukashikwa, kumbe ni malaria ya ushago. Mimi ni wewe tu. Damu moja."

"Damu moja, na akili ya nani?"

"Ya buda," ukasema, ukacheka tena.

Ndipo nilipokurushia mwiko. Ulikwepa vizuri, nakubali. Lakini neno lako halikuenda na mwiko. Limekaa hapa tangu Jumapili, nimelipeleka kiwandani nikalirudisha, nimekata ncha za mabeseni ya plastiki nalo kichwani mpaka nikajikata. Kwa sababu ni kweli. Ni mimi niliyekufundisha. Nilikufundisha nusu ya kitu, nawe umeishika hiyo nusu kama fimbo ya kujikinga, na sasa unataka kupanda nayo lori.

Basi leo utaipata ile nusu nyingine, utake usitake.

Nilikuwa na mimba yako. Tuliishi Makongeni, chumba cha nyuma katika nyumba aliyopewa baba yako mkubwa na shirika la reli. Nilikuwa nimetoka Bungoma kumzika mama yangu, nikarudi na homa. Unajua hiyo homa. Huku Nairobi mbu wanatunyonya bure, lakini hakuna mtu wetu anayekwenda matanga nyumbani akarudi bila kutetemeka. Tunaiita malaria ya nyumbani, ninyi vijana mnasema ya ushago, na tukishaipa jina hilo hatuulizi tena. Mtu akirudi na kichwa ni malaria ya nyumbani. Akirudi na mgongo ni malaria ya nyumbani. Akirudi na uchungu wa kufiwa, hata huo pia.

Nilikwenda kliniki ya wajawazito nikiwa nayo. Sista akanidunga kidole kwa kile kipimo cha virusi, kikaleta mistari miwili. Sikulia. Akachukua kipimo kingine, cha aina nyingine, tukakingoja pamoja. Kikaleta mstari mmoja. Akaviweka viwili hivyo kando kando akavitazama.

"Vimebishana," akasema.

"Mkweli ni yupi?"

"Sijui, mama. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Akanitoa damu ya mkono, ipelekwe maabara. Akanipima malaria pia, kwa kunidunga, akaikuta, akanitibu. Sikia hapo, nitaparudia. Kisha akanipa siku ya kurudi.

Jioni nilimwambia baba yako. Nilianza na kile kipimo cha kwanza, kwa sababu ndicho kilichotangulia. Cha pili sikukifikia. Alikuwa ameshainuka.

"Umeniletea kifo ndani ya nyumba ya ndugu yangu," akasema.

"Bado hawajajua. Wamesema nirudi."

"Rudi wewe."

Akachukua redio na suruali zake mbili zilizokuwa kwenye kamba, bado zimelowa maji. Nakuambia hivyo kwa sababu umeniuliza miaka mingi alienda wapi na kwa nini, nami nikakujibu kwamba wanaume ni wanaume. Alikimbia kipimo cha kwanza. Hakungoja cha pili. Yeye mwenyewe hakwenda kupimwa hata siku moja, kwa ninavyojua. Kwa hiyo Jumapili uliposema akili yako ni ya baba, ulisema kweli kuliko ulivyojua, na ndiyo maana mwiko uliruka.

Mimi nilirudi. Hilo ndilo neno ambalo hujawahi kulisikia kinywani mwangu, kwa hiyo lisome tena. Nilirudi. Maabara ilisema sina. Sista akasema nirudi tena baadaye wahakikishe, nikarudi, sina. Ulipozaliwa nikapimwa tena, sina. Kila mara nilikaa kwenye benchi lile lile tangu asubuhi, na kila mara nilipoteza kibarua cha siku hiyo, kwa sababu langoni pa kiwanda hawamngoji mtu. Wakishachagua wamechagua.

Siku ile ya mwisho nilimuuliza, "Sista, ni malaria iliyonidanganya?"

"Huenda ni malaria. Huenda ni mimba yenyewe. Huenda ni kitu kingine ambacho hatutakijua kamwe. Malaria siwezi kuishtaki peke yake," akasema. "Ninachojua ni kwamba kipimo kimoja hakimalizi maneno."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Haina utamu, unaona? Benchi, damu, kurudi, benchi. Sasa nikueleze ilivyopata utamu.

Tulipohamia huku Mukuru kwa Reuben nilikuwa mwanamke aliyeachwa, na mtoto mgongoni, sijuani na mtu. Kanisa lilikuwa pale nyuma ya bafu za kulipia, mabati matupu. Siku ya ushuhuda nilisimama nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa. Watu wakaanza kukohoa. Mtoto wa mtu akatolewa nje. Mchungaji akaniambia, "Fupisha, dada, wakati umetubana." Baada ya ibada akaniita kando. Akasema ushuhuda wangu ni mkubwa lakini nimeujaza vitu. "Hapo pa maabara si lazima. Mungu hana haja ya maabara."

Mara ya pili niliacha maabara. Watu wakasema amina. Mara ya tatu niliacha kile kipimo cha pili kilichobishana na cha kwanza. Wakapiga makofi. Tulivyoendelea nilijua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kunyamaza, na ikawa hivi: niliambiwa nina ukimwi, mume akanikimbia, nikaomba, nikarudi, hakuna kitu. Ilikuwa malaria tu. Nawe unainuliwa juu ya kiti, ndiye uthibitisho. Mtoto wa ushuhuda. Siku moja ulijificha chini ya benchi ukakataa kutoka, nikakufinya, ukapanda kitini unalia, na watu wakadhani umeguswa na Roho.

Nilipenda, Wafula. Sitakuficha. Mwanamke anayekata ncha za mabeseni wiki nzima, moto ukimla vidole, hapigiwi makofi na mtu yeyote. Pale nilipigiwa. Mchungaji alinialika hadi kwenye mikutano ya nje, nikawa najulikana mpaka mtaa wa Ziwani. Kitu nilichokitoa ili nijulikane kilikuwa kidogo, nilidhani. Kilikuwa benchi tu.

Halafu Mama Shiro.

Unamkumbuka kwa githeri yake, na kwa kuwa alikuwa anakubakishia njahi, yale maharagwe meusi, wakati watoto wake mwenyewe wanakula mahindi matupu. Alitoka Murang'a, mumewe alishakufa, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Nilipokuwa zamu ya usiku ulilala kwake. Alipokufa ulimlilia kuliko nilivyomlilia mimi, nami nikakuambia ni nimonia.

Alikuja kwangu jioni moja na sufuria, kana kwamba ameleta chakula. Haikuwa na kitu. Akakaa pale unapokaa wewe ukifunga viatu.

"Mama Wafula, wewe ulifanyaje?"

"Nilifanyaje nini?"

"Wamenipima. Wamenipa dawa."

Nilimuuliza wamempima mara ngapi. Akasema cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote mistari miwili. Vyote, Wafula. Vyake havikubishana. Vilikaa pamoja kama ndugu. Mimi, miongoni mwa watu wote wa mtaa ule, ndiye niliyejua maana yake, kwa sababu nilishaona vya kwangu vikibishana. Ningeweza kusema, Mama Shiro, changu na chako si kimoja, meza dawa.

Akasema, "Na mimi nimekuwa na homa tangu Krismasi. Si inaweza kuwa ni kama yako?"

Nikamwambia, "Mungu ni yule yule."

Ni maneno mazuri hayo. Yanaandikwa hata nyuma ya magari. Alizifunga dawa kwenye karatasi ya nailoni akazizika ndani ya debe la maharagwe. Najua kwa sababu alinionyesha, akacheka, akasema hata panya hawatazipata. Nilimtazama akikonda. Aliposhindwa kuinua sufuria kubwa nilimwinulia. Mchungaji alimwekea mikono. Nilimwekea mikono na mimi, mikono hii. Mwisho tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni na hakurudi. Kwenye mazishi mchungaji akasema nimonia, akarudia mara mbili ili familia isikie. Na kweli ilikuwa nimonia, kama vile mtu aliyesukumwa kutoka ghorofani anavyouawa na saruji.

Baada ya hapo sikushuhudia tena. Mchungaji alituma watu, nikawaambia koo linaniuma. Wewe nilikuambia nimechoka na kanisa. Ningekuambia kwa nini, labda Jumapili ungepunguza kucheka, au usingecheka kabisa. Niliona haya. Nikaiacha ile hadithi fupi itembee nyumbani mwangu, ikala, ikalala, ikakua nawe. Sasa ina ndevu na inajibu mama yake.

Jana sikuenda kazini. Ulidhani nimeenda. Nilikwenda kliniki kuuliza. Jina lako sikulitaja, kwa hiyo usianze kunifokea. Sista wa sasa ni msichana, rika lako au zaidi kidogo, mwenye meno ya mbele yaliyoachana.

"Mama, wewe ndiwe unataka kupimwa?"

"Ni mtu."

"Huyo mtu hana jina?"

"Analo, lakini ni lake."

Akacheka, akanivutia kiti. Nikamuuliza kama malaria inaweza kudanganya kipimo. Akasema inaweza, mara moja moja, kile cha kwanza. Unaona, sikufichi, nakupa na la upande wako. Nikamuuliza na taifodi? Na mafua? Na kifua kikuu? Na kichocho, kwa sababu nyumbani watoto huogelea mtoni? Nilimtajia kila ugonjwa ninaoujua kwa jina, mpaka vidonda vya tumbo.

"Mama," akasema, "wewe unatafuta ugonjwa wa kumtetea."

Akaona ameniumiza, akaniambia polepole. Yako machache yanayoweza kusumbua kipimo cha kwanza, kama malaria, kichocho, kaswende, hata chanjo nyingine, lakini si jambo la kila siku. Wengi wanakuja na homa zao na kipimo hakibabaiki. Na kwa kuwa linaweza kutokea, ndiyo sababu hawamwambii mtu anavyo kwa kipimo kimoja. Kuna cha pili na cha tatu, na si vya aina moja, ili kinachokidanganya hiki kisipate nafasi ya kukidanganya na kile. Hata akikutwa navyo kwa vyote, wanampima tena kabla hajaanza dawa. Nilielewa haraka. Hata kwetu kiwandani beseni moja likitoka na ufa msimamizi hasimamishi mashine wala hasemi mashine ni nzima. Anasimama pale anangoja linalofuata.

Kisha akaniuliza swali ambalo limenifanya nikuandikie badala ya kukurushia kitu kingine.

"Hiyo malaria yake, ilipimwa wapi?"

"Alinunua dawa dukani."

"Walimdunga?"

Wafula, mimi nilikuwepo. Tulisimama pamoja kwenye lile duka la dawa, umejifunika koti langu. Ulimwambia yule mtu, "Boss, nimetoka ushago juzi, nasikia baridi," na kabla hujamaliza neno baridi vidonge vilikuwa juu ya meza. Hakuna sindano. Hakuna tone la damu. Hakukutazama hata macho. Mimi nikalipa, nikashukuru, nikakupeleka nyumbani nikakupikia uji, na sote wawili tukasema malaria ya nyumbani.

Kwa hiyo niambie. Virusi vilipimwa, mara moja, na ukasema kipimo ni cha uongo. Malaria haikupimwa hata mara moja, na hiyo ndiyo unaiapia. Mimi yangu ilidungwa, ikaonekana, ikatibiwa. Yako ilitoka kwenye rafu. Unasema wewe ni mimi tu. Katika lipi?

Nikamwambia yule sista ukweli, kwamba hawakudunga. Akatikisa kichwa. Akasema virusi vikiwa vipya mwilini, wengine hupata homa, kichwa, viungo kuuma, kisha vinatulia, na maduka ya dawa yote mjini huita hiyo malaria.

"Kwa hiyo anavyo?"

"Mimi sijasema anavyo. Na wewe pia usiseme hana. Mlete."

"Na kipimo kikisema hana, nitaamini?"

"Kama alijiweka hatarini juzijuzi, ataambiwa arudi apimwe tena, kwa sababu mwanzoni vinaweza kujificha. Lakini, mama, hayo yote ni ya mtu aliyekuja. Huyu wako hajaja."

Huyu wangu hajaja. Huyu wangu amefunga begi.

Najua utakachosema, kwa sababu wewe hujawahi kusema kitu kipya tangu ubalehe. Utasema utapima ukifika Marsabit. Hutapima. Utafika umechoka, mtapewa hema, mtaamshwa alfajiri, na mahali pa kupimia patakuwa safari ya nusu siku kwa lori la kokoto. Kisha siku moja utasikia baridi na mtu atakuambia huku kuna malaria mbaya, nawe utakubali upesi. Nimeshaona mtu akikubali upesi. Nilimwinulia sufuria.

Na yule msichana wa Ziwani unayedhani simjui, anayekusubiri kwenye kona kwa sababu umemwambia mama yako ni mkali. Ameambiwa nini? Kwamba ulishikwa na malaria? Baba yako aliondoka Makongeni akijua kitu kimoja na akiogopa kitu kimoja, na sijui alikwenda kukilaza wapi. Nimemchukia kwa hilo miaka yote hii kuliko kwa kuniacha. Usinilazimishe kukuchukia kwa sababu ile ile. Naweza. Nina nguvu hiyo, na sipendi kuijaribu kwako.

Kama huna, hatutapoteza chochote ila asubuhi moja. Kama unavyo, dawa zipo, si kama enzi za watu kuzikwa kila Jumamosi. Watu wanameza na wanajenga barabara, wanaoa, wanazeeka wakigombana na mama zao. Mama Shiro alikuwa nazo ndani ya nyumba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kifo chenyewe.

Mchungaji yule bado yupo. Amejenga kanisa la mawe sasa. Nasikia ushuhuda wangu husimuliwa na mwanamke mwingine, kana kwamba ulimtokea yeye, na umefupishwa zaidi. Nitakwenda kule Jumapili moja nikasimame niseme wote, na benchi, na Mama Shiro. Watanizimia kipaza sauti. Lakini hiyo ni vita yangu na yao, si yako, na sitakutumia tena kama uthibitisho wa jambo lolote. Ulipanda kile kiti vya kutosha.

Lori lenu linaondoka kesho saa nane mchana, kando ya Jogoo Road. Kliniki inafungua saa mbili asubuhi. Langoni kwetu wachague wanaowataka, mimi kesho sitakuwepo. Nitakuwa kliniki.

Sitaingia nawe ndani. Utaingia peke yako, na ukitoka sitakuuliza. Majibu ni yako, ukitaka kwenda nayo Marsabit bila kunionyesha, nenda nayo. Nitakubebea begi mpaka kwenye lori, nitanyamaza njia nzima, ingawa unajua ni kazi ngumu kiasi gani kwangu.

Foleni ya pale huanza kabla mlango haujafunguliwa, na nitafika mapema nikushikie nafasi. Wakiita na wewe bado hujafika, nitamwambia aliye nyuma yangu apite. Kisha aliye nyuma yake. Nitawapitisha mmoja mmoja, wazee, wajawazito, wenye kikohozi, mpaka saa nane iwe imepita.

Mamako,
Nanjala